Mshika Saa

Kamina ni mji wa reli katika Haut-Lomami. Hapo njia ya gari la moshi itokayo Lubumbashi inagawanyika. Moja yaenda Ilebo, nayo ilimalizika mwaka 1928. Ya pili yaenda Kabalo, nayo ilimalizika mwaka 1956. Palipo na njia moja tu, magari mawili hayawezi kupishana ila katika stesheni. Gari moja likichelewa, la pili hukaa likingoja, na abiria wake wanapoteza siku yao bila kosa.

Katika chama cha kusema mbele ya watu mambo ni yale yale. Kwa mfano, mkutano ni wa dakika 45, na wasemaji ni sita. Kila mmoja amepewa dakika 7, jumla 42. Dakika 3 ni za kufungua. Wasemaji watatu wa kwanza wakizidisha dakika tatu tatu, nani atalipa? Wa tano atapata dakika 5 tu, na wa sita hatapata hata moja. Labda wa sita ni msichana mdogo aliyejifunza maneno yake juma zima. Atarudi nyumbani nayo moyoni.

Ndiyo sababu chama huchagua mshika saa. Kazi hii ni ya zamani sana. Kule Atene, katika nchi ya Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, watu walioshtakiana walisema mbele ya waamuzi kwa kipimo cha maji. Mtungi wenye tundu chini ulijazwa, maji yakatoka polepole. Yalipokwisha, maneno nayo yalikwisha. Mtungi mmoja uliochimbuliwa huko huchukua maji kama lita 6 na nusu, nayo hutoka kwa dakika 6 hivi. Mlinzi wa maji alichaguliwa kwa kura, ili pasiwe na upendeleo. Na katika mashauri mengine, karani alipokuwa akisoma sheria au ushahidi, mlinzi aliziba tundu, maana wakati ule haukuwa wa msemaji.

Siku hizi saa ya mkono yatosha. Vyama vingi vya wasemaji hufuata desturi ya Toastmasters, iliyoanzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 mjini Santa Ana, Marekani. Mshika saa huketi mbele, mahali ambapo msemaji anamwona bila kugeuza shingo. Ana karatasi tatu ngumu: moja ya kijani, moja ya manjano, moja nyekundu. Kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, huinua ya kijani dakika ya 5, ya manjano dakika ya 6, na nyekundu dakika ya 7.

Hapa mtoto wa mji wa reli aweza kukosea. Kwenye reli, kijani maana yake ni nenda. Kwa mshika saa, kijani maana yake ni hii: umesema ya kutosha, ukitaka waweza kumaliza. Nyekundu tu ndiyo inayofanana na ile ya reli, lakini hata hiyo haimkati mtu katikati ya neno. Huachiwa sekunde 30 afunge maneno yake vizuri. Katika mashindano, anayezipita sekunde hizo hutolewa, hata kama alisema vizuri kuliko wote.

Saa haianzi msemaji anapoitwa jina. Akitembea polepole kutoka kiti cha nyuma, huo si wakati wake bado. Kwa kawaida inaanza anapotamka neno la kwanza.

Shida kubwa ya mshika saa ni masikio yake. Hadithi ikiwa tamu, anacheka pamoja na wengine, na kumbe dakika ya 5 imepita, karatasi ya kijani ingali mezani. Basi mshika saa mwema husikiliza kwa sikio moja, na macho yake yako kwenye saa. Akisahau kuanza kuhesabu, asikisie. Amwambie mwenyekiti waziwazi kwamba amesahau. Ni aibu kidogo, lakini hesabu ya kubuni ni mbaya zaidi.

Shida ya pili ni uso wa mtu. Ni rahisi kumwinulia nyekundu mwenzako wa darasa. Lakini mwalimu, au mzee mgeni, akipita dakika ya 7, mkono huwa mzito. Mshika saa huinua tu, bila kutikisa wala kutabasamu.

Mwishoni husimama na kusoma alivyoandika: msemaji wa kwanza, dakika 6 na sekunde 20, wa pili, dakika 7 na sekunde 5, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Hasemi nani alisema vizuri. Na zamu yake mwenyewe ya kusema ikifika, humpa mwingine saa na karatasi zote tatu, kisha huenda mbele.