Denmark: kanisa iko ya leta, lakini Siku ya Mungu viti viko wazi

Wandugu, mara mingi tunasikia: "Watu wa Denmark wanaishi vizuri juu waliachana na Mungu." Tuangalie polepole.

Katiba yao, tangu 1849, inasema kanisa ya Kilutheri njo kanisa ya taifa. Zaidi ya watu 70 kwa mia wangali wameandikwa ndani na wanailipia kodi. Kusali, wachache. Wanakuja kwa ubatizo, ndoa, maziko na Noeli; kanisa kwao ni kama bendera. Sisi, katiba ya 2006, kifungu cha 1, inaandika kama Congo ni nchi ya kijamii na isiyo na dini. Kwa karatasi tunawapita!

Tofauti iko kwa swali hili: ukipata shida, unagonga mlango gani? Kwetu ni jamaa ao kanisa. Hata masomo na hospitali mingi ziko mikononi mwa makanisa. Kule ni leta. Na leta inakula sana: 25 kwa mia juu ya karibu kila kitu unachonunua, na mshahara unakatwa tena. Lakini kodi inarudi, mtu anaiona. Mwanafunzi halipi minervali. Tena leta inamupa feza kila mwezi, inaitwa SU, na si deni.

Basi kijana akimaliza, hakuna mjomba anayengojea bahasha. (Wengi wetu hapa tunajua ile bahasha.) Na babu akizeeka, mfanyakazi wa komini njo anapita nyumbani kumuosha, si mjukuu.