Mimea yatoa dawa za saratani ya mbwa

Saratani haiwasibu binadamu peke yao. Mbwa nao huugua, na baadhi ya dawa wanazotibiwa nazo asili yake ni mimea. Hata hivyo, safari ya kutoka jani hadi dawa ni ndefu.

Mfano mashuhuri ni mmea mdogo wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe, ambao sasa hupamba bustani nyingi za nchi za joto, zikiwemo za Afrika Mashariki. Wataalamu huuita Catharanthus roseus. Katika miaka ya 1950, watafiti Robert Noble na Charles Beer wa Kanada waliuchunguza kwa sababu nchini Jamaika majani yake yalinywewa kama chai ya kutibu kisukari. Sukari katika damu ya panya haikushuka, bali chembechembe nyeupe zilipungua mno. Hapo ndipo ilipopatikana vinblastini, na baadaye vinkristini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1963 kwa ajili ya binadamu.

Dawa hizo huzuia seli kugawanyika. Kwa mbwa, vinkristini hutumika dhidi ya uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kujamiiana, ambapo seli zenyewe za saratani huhamia kwa mbwa mwingine. Hudungwa mshipani mara moja kwa wiki, na mbwa walio wengi hupona baada ya wiki kadhaa.

Dawa mpya zaidi, tigilanoli tiglati, hutokana na mbegu za mti wa Fontainea picrosperma unaoota katika misitu ya mvua ya Queensland, Australia. Hudungwa ndani ya uvimbe wa ngozi wa aina maalumu na kuharibu mishipa inayoulisha damu. Iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2020, baada ya majaribio kuonyesha kwamba uvimbe ulitoweka kwa asilimia 75 ya mbwa waliotibiwa, siku 28 baada ya sindano moja.

Je, basi mwenye mbwa amchemshie majani? La. Kinachoua seli za saratani huweza pia kuua seli nzima. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na tigilanoli huacha kidonda kinachohitaji uangalizi. Jani halina kipimo, ilhali sindano inacho. Uvimbe ukionekana, mbwa apelekwe mapema kwa daktari wa mifugo.