Kipofu, mutoto mwenye kumuongoza na shofere: nani analipa place ya pili?

Musikilizaji mumoja wa Katuba alitupigia telefone kisha kipindi cha asubui. Alikuwa amesikia kwamba kule Marekani kampuni moja ya taksi za kuita kwa telefone ililipishwa feza nyingi juu mashofere walikatalia mwanamuke kipofu na imbwa yake. Akauliza: ni kweli? Na kama ni kweli, mbona hapa kwetu mama yake, asiye na imbwa lakini mutoto tu wa kumushika mukono, analipishwa place mbili kila mara, na siku zingine bisi inamupita hivi hivi?

Swali la kwanza lina jibu fupi. La pili litatuchukua wakati.

Ndiyo, ni kweli. Katika mwezi wa 4 mwaka 2021, mwamuzi mumoja huko California aliamuru kampuni ya Uber ilipe mwanamuke kipofu wa upande wa San Francisco zaidi ya dola milioni 1. Musikie vizuri: sehemu kubwa ya feza hiyo ilikuwa ya mavoka na garama za kesi, si ya mama mwenyewe. Yeye alikuwa amekataliwa na mashofere mara 14. Kampuni ilijitetea kwamba wale mashofere si watumishi wake, ni watu wanaojitegemea, kwa hiyo makosa yao si makosa yake. Mwamuzi hakukubali. Mambo hayakuishia pale: katika mwezi wa 9 mwaka 2025 serikali ya Marekani yenyewe iliishitaki kampuni ile ile juu ya watu wenye ulemavu, ndani yake wenye kutembea na imbwa.

Sheria yao inayosema hivyo ni ya mwaka 1990. Shofere hana ruhusa ya kukataa imbwa iliyofundishwa kusaidia mulemavu, hana ruhusa ya kuongeza bei juu yake, na hata akisema anaogopa imbwa ao manyoya yanamupigisha chafya, hiyo haitoshi. Uingereza nao wana sheria kama hiyo kwa taksi, tangu zamani.

Wengi wetu tukisikia imbwa tunafikiri ile ya lupango, inayofungwa muchana na kufunguliwa usiku juu ya wezi. Hii ni kitu kingine. Imbwa ya kuongoza kipofu inavaa mukaba wenye kishikio kigumu mugongoni. Haijui njia ya soko, hapo watu wanajidanganya. Mwenye kujua njia ni kipofu mwenyewe, anahesabu barabara kichwani. Imbwa kazi yake ni kumuzungusha kwenye shimo, kusimama mbele ya barabara, kumufikisha kwenye mulango ao ngazi, na kukataa kutembea kama motokari inakuja, hata tajiri wake akisema twende. Inafundishwa karibu miaka 2. Masomo ya namna hiyo yalianza Ujerumani mwaka 1916, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, juu ya maaskari waliorudi bila macho. Hapa Afrika, Afrika ya Kusini iko na shirika la imbwa hizo tangu 1953. Ni kule kule malori yetu ya shaba yanapita kila siku kwenda baharini, lakini imbwa hizo hazikupanda kuja huku.

Na sababu zinaeleweka. Kufundisha imbwa moja ni garama ya maelfu mengi ya dola. Inahitaji chakula chake, muganga wake, chanjo yake. Inahitaji pia njia ya miguu pembeni ya barabara, na ukitoka katikati ya muji kwenda Ruashi ao Kampemba, hiyo njia ya miguu utaitafuta. Halafu kuko imbwa za kuzurura, na kichaa cha imbwa ambacho bado kinaua watu katika inchi yetu. Mutu wa Lubumbashi akiona imbwa inapanda bisi, ataruka dirishani, na sitamulaumu. (Juu tumefika hapo: imbwa ikikuuma, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kisha ukimbie hospitali siku ile ile. Usingoje kuona kama imbwa itakufa.)

Kwa hiyo kwetu kazi ya imbwa inafanywa na mutu. Mara nyingi ni mutoto wa nyumba: mujukuu, mutoto wa ndugu, mutoto wa mwisho. Anashika ncha moja ya fimbo, mama anashika ncha ingine. Ao mama anaweka mukono kwenye bega la mutoto. Mutawaona kwenye soko la M'zee Kabila, mbele ya makanisa siku ya yenga, kwenye mulango wa hospitali Sendwe. Wengine wanaomba, lakini si wote, na kuna wapofu wanaochoka sana kuona watu wanawatupia makuta wakati wao wanatafuta tu taksi ya kwenda kazini.

Sasa tuingie ndani ya bisi.

Shofere wa Lubumbashi, mara nyingi, motokari si yake. Kila mangaribi anapaswa kumupelekea mwenye motokari versement, hesabu iliyopatanwa, mvua inyeshe ao isinyeshe, barabara ifungwe ao ifunguke. Mafuta ni juu yake. Pamoja na yale "madeni madogo" ya barabarani ambayo kila mutu anayajua. Kinachobaki kisha hapo njo mushahara wake na wa receveur. Ndiyo maana receveur anabana watu wane pale kiwanda kilitengeneza watatu. Kwake yeye hakuna mutu, kuko place. Mutoto wa miaka 9 akikaa, ni place. Mutoto akibebwa kwenye magoti, si place. Na mutoto mwenye kuongoza kipofu ni mukubwa mno kwa magoti ya mama mzee.

Mimi niliwasikia mashofere kwenye parking, na sikuwakuta na roho mubaya kama vile watu wanavyosema. Wanasema: nikimubeba bure mutoto wa huyu, na kesho mwingine atakuja na "kiongozi" ambaye ni bwana mukubwa wa miaka 30 mwenye macho yake mazima, nitajua namna gani? Hilo ni swali la kweli. Lakini kuna jambo lingine ambalo hawalisemi kwa nguvu: kipofu anapanda polepole. Bisi mbili zinakimbizana kutoka Kenya (komine yetu, si inchi) kwenda mujini, na yule anayepoteza dakika 1 kwenye arrêt anapoteza abiria wa arrêt inayofuata. Hapo njo siri ya bisi kupita bila kusimama. Si chuki, ni mbio. Lakini kwa mama aliyesimama juani na mutoto, matokeo ni yale yale.

Na hesabu ya mama ni hii. Kwenda na kurudi, watu wawili, ni place 4. Jirani yake mwenye macho analipa 2. Ukiwa unaenda hospitali mara moja kwa mwezi, utavumilia. Ukiwa unauza kitu kidogo na unapaswa kwenda kila siku, faida yote inaishia kwa receveur. Basi familia inachagua: mama abaki nyumbani, ao mutoto aache masomo ya asubui ili waende wakati bisi ziko wazi na bei haijapanda. Masomo ya msingi ni ya bure na ya lazima kufuatana na Katiba, lakini hakuna mwalimu anayekuja kumurudilia mutoto somo alilolikosa juu alikuwa macho ya nyanya yake. Ukimuuliza nyanya, yeye mwenyewe analijua hilo kuliko wewe. Ni jambo linalomuuma usiku.

Je, sheria ya Congo inasema nini? Inasema zaidi ya vile watu wanafikiri.

Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kufuatana na mahitaji yao. Tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2015, Congo iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 20 cha mapatano hayo kinahusu kutembea na kusafiri. Kinaomba serikali zisaidie mulemavu apate vifaa na musaada wa kumuwezesha kutembea kwa uhuru, na kwa bei anayoiweza. Ukikisoma kwa Kifaransa, utaona kinataja musaada wa mutu na wa munyama pamoja, katika mustari mumoja. Kwa hiyo ile imbwa ya California na ule mutoto wa Katuba, mbele ya mapatano hayo, wanafanya kazi moja.

Kisha ikaja sheria yetu wenyewe: Sheria ya kiorgani namba 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022, juu ya kulinda na kuendeleza haki za mutu mwenye ulemavu. Inakataza ubaguzi. Walemavu wa inchi yote waliipigania kwa miaka, na siku ilipotangazwa ilikuwa furaha.

Lakini tuseme wazi, juu wasikilizaji wengine wanaweza kutoka hapa na kwenda kugombana na receveur. Mapatano yanaongea na serikali kwanza, si na shofere. Bei ya bisi katika muji inawekwa na viongozi, kwa karatasi yenye sahihi. Kama karatasi ile haisemi kwamba kiongozi wa kipofu analipa nusu ao halipi, receveur ataonyesha karatasi na atakuwa na neno. Mahali pa kusukuma ni pale: kwenye meza ambapo viongozi, mashirika ya mashofere na wenye motokari wanakaa kupatana bei mpya kila mara mafuta yanapopanda. Kwenye meza ile, kipofu anapaswa kuwa na kiti.

Si jambo geni katika inchi yetu. Kwenye mto, kati ya Kinshasa na Brazzaville, wafanya-biashara walemavu walipata kwa miaka mingi punguzo la bei kwenye maboti, na punguzo hilo njo liliwafanya wengine kuwa wachuuzi wa kweli. Goma nako, wenye tricycle wanapita mupaka wa Gisenyi na mizigo, na vijana wanawasukuma. Kule kila mutu anaelewa kwamba kijana mwenye kusukuma na tricycle ni kitu kimoja. Kwa nini isieleweke hivyo kwenye bisi?

Na zile taksi za kuita kwa telefone, kama Yango inayotumika Kinshasa? Kwa kipofu zina faida moja kubwa: unalipia motokari nzima, kwa hiyo mutoto hahesabiwe. Telefone nyingi za leo zinaweza kumusomea kipofu kwa sauti kilicho kwenye ekra. Tatizo linakuja motokari ikifika. Programu inamwambia: tafuta motokari nyeupe, plake fulani. Aitafute na nini? Shofere anangoja dakika zake, haoni mutu akimukaribia, anafuta safari na kwenda. Kwa hiyo mwenye kuita atume neno mapema: mimi ni kipofu, nimesimama mbele ya pompe, unipigie ukifika na uniite jina. Shofere mwema atashuka.

Kama umekatazwa kupanda, ao umelipishwa kwa matusi, mutoto akumbuke plake, saa na arrêt. Peleka kwenye komine, ao kwenye Division ya Mambo ya Kijamii ya jimbo, na ushirika wako wa walemavu ukusindikize, juu mutu mumoja na karatasi moja hachelewi kusahauliwa. Ikiwa ulisukumwa ao kuumizwa, hiyo ni kesi ya polisi na ya parquet, si ya bei tena.

Kwa mashofere na mareceveur wanaotusoma, mambo madogo ambayo hayalipiwi. Usimuvute kipofu kwa mukono wala kwa fimbo. Mupe kiwiko chako, yeye ashike. Mwambie ngazi iko wapi na kichwa kiiname wapi. Taja majina ya ma-arrêt kwa sauti, hata wenye macho watakushukuru usiku. Ukirudisha feza, zihesabu kwa kusema: hii 500, hii 1000, na umuwekee moja moja mukononi, juu noti zetu zikishachakaa zote zinafanana chini ya vidole.

Na mulango. Bisi nyingi za hapa zilitoka na volani ya kuume, na sisi tunatembelea kuume. Maana yake mulango wa abiria unafungukia katikati ya barabara, upande motokari zingine zinapita. Mwenye macho anaangalia, anaruka. Kipofu anashuka pale ambapo receveur amemwambia ashuke, na mutoto mbele yake. Shuka wewe kwanza, simama upande motokari zinakotoka, kisha uwaite.