Ngome ya Mombasa na Msafiri Atokaye Ukambani

Barabara kuu ya Mombasa yapita katikati ya Kambu, na hakuna siku ambayo watu wa hapa hawayasikii malori yakishuka kwenda pwani. Vijana wetu wengi wameifuata barabara hiyo kutafuta kazi bandarini, Changamwe na katika mahoteli, nao warudipo huleta nazi na habari za joto la huko. Lakini ukiwauliza kama wamepata kuingia ndani ya Fort Jesus, walio wengi hujibu kwamba wameiona kwa nje tu, wakipita. Wengine huongeza kuwa hayo ni mambo ya Wareno na Waarabu, na mtu wa bara hana lake humo. Maneno hayo si kweli, nami nataka kumwonyesha msomaji kwa nini.

Ngome hiyo imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, kando ya mlango wa bandari ya kale ya kisiwa cha Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aliyeichora ramani yake ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukitazama ramani hiyo utaona umbo linalofanana na mtu aliyelala chali. Kuta zake ni nene kupita kadiri, na katika pembe zake mna buruji kubwa ambamo mizinga iliwekwa. Walioijenga walitaka kuishika njia ya merikebu ziendazo Bara Hindi, wala hawakuwa na haja ya kuitawala nchi ya ndani.

Juu ya mlango mkuu pana jiwe lililoandikwa kwa Kireno, la mwaka 1635. Mkuu wa ngome wa wakati ule ajisifu humo jinsi alivyowatiisha watu wa pwani na kuwaadhibu wafalme wao walioasi. Sisi tunaofanya kazi za ofisini twajua kwamba faili yenye maneno ya upande mmoja haitoshi kuamulia shauri. Hapana budi basi kuutafuta na upande wa pili.

Upande wa pili ni huu. Kulikuwa na mwana wa mfalme wa Mombasa aliyeitwa Yusuf bin Hasan. Alipokuwa angali mtoto baba yake aliuawa, na Wareno walikuwa na mkono katika jambo hilo. Yeye mwenyewe walimpeleka Goa, huko Bara Hindi, wakamlea, wakambatiza kwa jina la Jerónimo, kisha wakamrudisha Mombasa awe mfalme chini yao. Walidhani wamekwisha kumfanya mtu wao. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamwua mkuu wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, na Wareno wa mjini wakauawa. Mwaka uliofuata jeshi lilikuja kutoka Goa kuirudisha ngome kwa nguvu, likashindwa, likaenda zake. Hata hivyo Yusuf hakukaa. Aliondoka kwa merikebu, na Wareno wakaingia tena mahali palipoachwa patupu. Lile jiwe la mlangoni liliandikwa baada ya mambo hayo, na sasa msomaji ataelewa kwa nini mwandishi wake alikuwa na haraka ya kujisifu.

Lakini habari ninayoona kuwa kubwa kuliko zote ni ya mazingiwa ya mwaka 1696. Mwezi wa Machi mwaka huo majeshi ya Imamu wa Oman yaliizunguka ngome. Ndani yake walikuwamo Wareno wachache sana, pamoja na watu wa pwani wapatao elfu na zaidi, wanaume, wanawake na watoto, waliokimbilia humo. Mizinga haikuzivunja kuta. Kilichowamaliza watu ni njaa na maradhi, ambayo hayahitaji ngazi ya kupandia ukutani. Katikati ya mwaka 1697 karibu Wareno wote walikuwa wamekufa, na mwezi wa Agosti mkuu wao naye akafa. Ngome ikabaki mikononi mwa kijana mmoja wa Faza, katika kisiwa cha Pate, jina lake Bwana Daud, pamoja na jamaa zake wachache na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hao ndio waliolinda zamu juu ya kuta hata msaada ulipofika kutoka Goa mwezi wa Septemba. Majina ya wanawake wale hayakuchongwa juu ya jiwe lo lote.

Merikebu moja iliyoleta msaada, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Wapiga mbizi waliichunguza tangu mwaka 1977 hadi 1980, na vitu walivyovitoa baharini vimewekwa katika makumbusho. Ngome yenyewe ilitekwa Desemba 1698, baada ya miezi 33. Walionusurika ndani yake hawakuzidi watu ishirini. Siku chache baadaye merikebu nyingine za Wareno zilitokea, zikaiona bendera ya Oman ikipepea juu ya buruji, zikageuka.

Mkulima wa Makueni akiingia humo asiache kulitazama birika kubwa la kukusanyia maji ya mvua. Wenye akili ya vita walijua kwamba ukuta bila maji na ghala ni bure, na sisi tuchimbao mabwawa na kuweka matangi kila mwaka kwa kuogopa kiangazi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa, Wakamba waingia wapi? Baada ya Wareno ngome ilikaliwa na maliwali wa ukoo wa Mazrui, ambao hatimaye walijitawala wenyewe, mpaka Seyyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Katika karne hiyo wazee wetu walikuwa mabingwa wa biashara ya pembe za ndovu. Misafara yao ilitoka Kitui, ikavuka nyika kwa miguu hadi Rabai na Mombasa, na pembe hizo zikapakiwa majahazini katika bandari iliyo chini ya kuta zile zile. Kivoi wa Kitui alijulikana sana pwani, naye ndiye aliyempokea Johann Ludwig Krapf katika safari yake ya mwaka 1849, wakati mzungu huyo alipouona Mlima Kenya kutoka Kitui. Wakamba wengine hawakurudi bara. Wajukuu wao wako hata leo upande wa Rabai na Mariakani. Basi mtu wa Kambu asimamapo juu ya buruji na kutazama majahazi, aitazama njia iliyowatajirisha watu wake.

Mwaka 1895 serikali ya Kiingereza iliigeuza ngome kuwa gereza, ikawa hivyo hadi 1958. Labda ndiyo sababu wazee fulani hawapendi hata kuitaja. Kisha ilitengenezwa kwa msaada wa fedha za Gulbenkian kutoka Ureno, James Kirkman akachimbua mabaki yaliyofukiwa, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Atakaye kwenda aweza kupanda basi barabarani, au garimoshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, akilipandia Kibwezi au Mtito Andei. Lakini lile garimoshi humshusha mtu Miritini, nje ya kisiwa, hivyo aweke akiba ya nauli ya matatu hadi mjini. Achukue kitambulisho chake, kwa maana mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Afike asubuhi mapema, kabla jua halijaanza kuyachoma mawe, na asitoke kabla ya kupanda juu ya ukuta wa upande wa bahari.