Kampuni Inadai Ada ya Kuvunja Mkataba: Je, Ilipwe?

[MUZIKI UNAPUNGUA]

MTANGAZAJI: Leo kwenye maswali yenu tunajibu ujumbe wa sauti wa mama mmoja wa hapa kambini Nyarugusu. Mwanawe yuko Uingereza, alipelekwa na mpango wa Gateway. Mwezi huu hakutuma kitu. Amemwambia mama kuna kampuni inamdai pauni 360 kwa sababu amevunja mkataba nayo. Mama anauliza: alipe? Na asipolipa, je, atarudishwa?

Naanza na la pili, maana hilo ndilo linalomnyima mama usingizi. Hapana, mama. Hilo ni dai la kampuni binafsi juu ya mkataba. Si kosa la jinai, na kampuni haina mamlaka yoyote juu ya kibali chake cha kuishi. Mtu akimtishia hivyo kwa simu, aandike siku, saa na maneno aliyoambiwa.

Sasa tuijue hiyo kampuni. Uingereza watu wengi hununua gari kwa mkopo. Kwa miaka mingi wauza magari walikuwa wanalipwa kamisheni na watoa mikopo, na mara nyingi mnunuzi hakuambiwa. Aina moja ya kamisheni hiyo, iliyomfanya muuzaji afaidike riba ikipanda, ilipigwa marufuku mwaka 2021. Watu wakaanza kudai fidia. Hapo zikaja kampuni zinazosema: sisi tutakudaia, wewe weka sahihi tu. Sahihi yenyewe unaweka kwa kidole kwenye simu, dakika mbili umemaliza. Mkataba una kurasa nyingi, kwa Kiingereza, na nani anasoma yote?

Kumbe kumwandikia mtoa mkopo malalamiko yako mwenyewe ni bure kabisa. Ndipo mtu anataka kujitoa, na ndipo bili inapomfikia.

Kijana wetu asilipe haraka. Kwanza aangalie tarehe aliyokubali mkataba. Kampuni hizi zinasimamiwa na mamlaka inayoitwa Financial Conduct Authority, tangu Aprili 2019, na kanuni zake zinampa mteja siku 14 za kubadili mawazo bila kutozwa ada ya kujitoa. Kama alituma ujumbe wa kujitoa ndani ya siku hizo, autafute, hata kama ni meseji fupi. Huo ndio ushahidi wake.

Siku 14 zikiwa zimepita, bado anaruhusiwa kujitoa. Hapa kampuni inaweza kudai kitu, lakini kiasi kiwe cha haki kulingana na kazi iliyokwisha kufanyika. Hapa ndipo penye ubishi. Wamefanya nini cha pauni 360? Kama walituma barua moja tu, ileile wanayomtumia kila mtu, ni vigumu kuitetea bili hiyo. Kama walishafuatilia hadi mtoa mkopo akakubali kulipa, basi kampuni ina hoja, tusidanganyane. Kwa kupima tu: kazi ikikamilika na fidia ikiwa chini ya pauni 1,500, ada haitakiwi kuzidi pauni 420 kabla ya kodi. Sasa kazi iliyoachwa njiani idaiwe karibu sawa na hiyo?

Kwa hiyo awaandikie, asipige simu: "Napinga ada hii. Nipeni mchanganuo wa kila kazi mliyofanya, tarehe yake na bei yake. Haya ni malalamiko rasmi." Kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Wakikataa, au wiki 8 zikapita kimya, apeleke kesi Financial Ombudsman Service. Ni msuluhishi asiyetoza mteja hata senti. Jina hilo nimelitamka taratibu ili mliandike. Asichelewe: jibu la mwisho likishafika, ana miezi 6 tu.

Lipo jambo moja la kukagua kabla. Baadhi ya wanaodai fidia ni ofisi za mawakili, si kampuni za aina hii. Kwa England na Wales, malalamiko juu ya wakili huenda Legal Ombudsman. Karatasi ya mkataba itaonyesha nani anawasimamia. Kiingereza kikimshinda, aende Citizens Advice, wanasaidia bure.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Najua wengine mnasema hayo ni ya Ulaya. Lakini hapa pia wapo wanaochukua pesa eti "wanafuatilia faili lako" UNHCR, na ukisema basi, wanadai tena. Huduma za UNHCR ni bure, na za kupelekwa nchi ya tatu zimo. Hakuna anayestahili ada ya kuanza wala ya kuacha. Anayekudai, mripoti kwa wafanyakazi wa ulinzi.

Turudi kwa kijana. Wakusanya madeni wakimwandikia wakati malalamiko yanaendelea, awajibu kwa maandishi kwamba deni linabishaniwa. Barua ya mahakama ni jambo jingine. Hiyo asiiweke kabatini. Kwa England na Wales huwa na siku 14 za kujibu, na asipojibu, kampuni inaweza kushinda bila hata yeye kusikilizwa.