Kusoma Maji ya Mto

Watu wawili walikwenda kuvua katika mto Rufiji, kila mtu na mshipi wake na chambo cha minyoo. Jioni mmoja alirudi na kambale wanne na kitoga mmoja. Mwenziwe alirudi mikono mitupu, akanung'unika, "Huyu ana dawa." Lakini dawa hakuwa nayo. Alikuwa amejifunza kusoma maji, kama wewe ulivyojifunza kusoma kitabu hiki.

Rufiji ni mto mkubwa wa Tanzania. Huanza pale mito Kilombero na Luwegu ikutanapo, kisha hupita katika nchi tambarare ya mchanga, na mwisho hugawanyika matawi mengi na kuingia baharini, kuelekea kisiwa cha Mafia. Mchanga wake huhama, na tangu mwisho wa mwaka 2022 upande wa juu maji huzuiwa na bwawa la Julius Nyerere. Kwa hiyo mtu ategemeaye mahali pa mwaka jana huenda akakosa. Bali ajuaye kusoma maji hutafuta upya akapata.

Kwanza fahamu haja za samaki. Ataka chakula, ataka kupumzika, tena ataka kujificha adui zake. Akikaa katikati ya mkondo wa nguvu huchoka upesi. Basi wengi hukaa mpakani, penye maji ya polepole karibu na maji ya mbio. Hapo hupumzika, na mkondo humpitishia chakula mlangoni pake.

Sasa tazama kizingo cha mto. Upande wa nje wa kizingo maji hupita kwa nguvu, huchimba ukingo na kuangusha miti. Hapo pana kilindi, na kambale hupenda kujificha chini ya mizizi na magogo. Upande wa ndani maji ni mapole, huacha fungu la mchanga. Hapo penye majani na maji haba utamkuta perege. Dume huchimba kishimo mchangani kama bakuli, na jike huyachukua mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe.

Tena utazame uso wa maji. Ukiona alama kama ncha ya mkuki, nayo ncha imeelekea maji yatokako, jua ya kuwa chini yake pana gogo au jiwe. Nyuma yake maji yametulia. Tupa mshipi hapo. Lakini ncha ikielekea maji yaendako, hiyo ni njia ya maji kati ya vizuizi viwili. Uangalie na povu pia: njia ya povu na majani makavu ndiyo njia ya mkondo, nayo ndiyo njia ya chakula. Na maji yakiwa ya matope, usidanganywe na rangi yake. Soma mwendo wake.

Masika maji yafurikapo huingia mabondeni na katika maziwa ya kando, kama Ruwe, Utunge na Zumbi. Samaki huyafuata, maana katika majani mapya mna wadudu wengi na mahali pa kutagia. Maji yapunguapo, samaki wengi hurudi mtoni kwa kufuata vijito. Basi mvuvi hodari hutega mgono wake kinywani mwa kijito. Lakini mwenye busara hazibi kijito chote, wala hatumii wavu wa macho madogo sana, kwa sababu vichanga wa leo ndio kitoweo cha mwaka ujao.

Limebaki somo moja, nalo ni kubwa kupita yote. Kilindi kimpendezacho kambale humpendeza mamba vilevile. Kabla ya kushuka, tazama ukingo: je, pana alama za tumbo lililojiburura matopeni? Tazama maji: gogo lielealo hufuata mkondo. Ukiliona linapanda mto, au linazama lenyewe pasipo wimbi, hilo si gogo, ondoka. Usisimame ndani ya maji, usioshee samaki pale uvuapo, wala usishuke mahali pamoja kila siku saa ile ile, maana mamba hujifunza desturi yako kama wewe ujifunzavyo desturi ya samaki.

Basi, ufikapo mtoni usifanye haraka kutupa mshipi. Kaa kitako mbali kidogo na maji, utazame kwanza. Asiyejua kusoma kitabu hukosa habari tu. Asiyejua kusoma mto aweza kukosa kitoweo, na pengine akakosa na uhai wake.