Pakiti ya Bakteria na Mkulima wa Dengu

Mwaka 2007 serikali ya India ilianzisha mpango wa taifa wa uhakika wa chakula, na mazao ya jamii ya kunde yakaingizwa pamoja na mpunga na ngano. Yalikuwa yamesubiri mno. Tangu Mapinduzi ya Kijani ya miaka ya 1960, mbegu bora na maji ya umwagiliaji vilielekezwa kwenye ngano na mpunga. Dengu na mbaazi zikabaki kwenye ardhi hafifu inayotegemea mvua. Zao likiachwa hivyo, ujuzi wake nao hudumaa: bwana shamba halizungumzii, na mkulima anabaki na alichorithi.

Kazi ya kufundisha iliangukia zaidi Krishi Vigyan Kendra, vituo vya sayansi ya kilimo. Cha kwanza kilifunguliwa Puducherry mwaka 1974. Leo vimezidi 700. Wataalamu wake hulima shamba la mfano katika ardhi ya mkulima mwenyewe, jirani na lile lililolimwa kwa mazoea, ili kijiji kizima kilinganishe.

Mbegu mpya na upandaji wa mistari hushika upesi, kwa sababu tofauti inaonekana. Kigumu ni kufundisha kisichoonekana. Mbegu ya dengu hupakwa bakteria aina ya rizobia: unga wa pakiti hukorogwa kwenye maji ya sukari guru yaliyochemshwa yakapoa, mbegu zikachanganywa humo, zikaanikwa kivulini na kupandwa bila kukawia. Kama kuna dawa ya ukungu, hiyo hutangulia, bakteria huja mwisho. Aliyekariri hatua hizi bila kuelewa kwamba pakitini mna viumbe hai ataanika mbegu juani siku akiwa na haraka, na atawaua.

Mwache sasa ang'oe mche unaokaribia kutoa maua, apasue vifundo vya mizizini. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, bakteria wananasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kukiwa kweupe au kijani, hakuna kinachofanyika. Kwa maoni yangu dakika hizo zinazidi semina ya siku nzima. Mipango mingi huhesabu pakiti zilizogawiwa na watu waliohudhuria. Ningetaka wahesabiwe pia wanaoendelea kupaka mbegu pakiti za bure zikishakwisha, maana hao ndio waliojifunza.

Mavuno ya jamii ya kunde India yalipanda kutoka takriban tani milioni 15 msimu wa 2007/08 hadi milioni 25 hivi msimu wa 2017/18. Mafunzo yalichangia, pamoja na mvua nzuri na bei zilizowavutia wakulima. Lakini mwaka 2017, ghala zilipojaa, India iliweka ukomo wa mbaazi za kuagiza, tani 200,000 kwa mwaka, na bei ikaporomoka Tanzania, ambako soko kuu la zao hilo lilikuwa India. Mkulima wa Babati au Lindi aliyefuata kila alichofundishwa alivuna vizuri, akakosa bei. Hata mtaalamu akirudi kwake na mbegu bora zaidi, swali la kwanza atakaloulizwa ni nani atanunua.